Nondo wa geto moja, hawagombani!

Kama mwenye nyumba kakugongea mlango akidai kodi ya miezi sita, pole sana. Kama mnakaa geto moja washikaji wanne na hakuna anayekubali kwamba ndiye aliyemaliza sukari, basi pole mara mbili. Leo nina kisa kinachokuhusu moja kwa moja, ila wahusika wake si watu. Ni nondo.

Ngoja kwanza, usifunue ukurasa! Najua ukilitaja neno hilo hapa mjini kila mtu analielewa kivyake. Fundi wa ujenzi anawaza vyuma vya kutia kwenye zege, na roho inamuuma akikumbuka bei. Mwanachuo anawaza hoja nzito za kumshushia mwenzake kwenye mdahalo. Shangazi yako mcha Mungu anamkumbuka yule mdudu wa kwenye Maandiko, anayeharibu mali akishirikiana na kutu. Huyo wa shangazi ndiye tunayemtaka, yaani mdudu mwenye mabawa anayefanana na kipepeo na kuvamia taa usiku.

Ila nondo wa leo hali nguo. Yeye anatoa nguo! Tena si nguo ya mitumba, ni hariri. Na ili aitoe hiyo hariri inabidi kwanza akae na wenzake kwa amani tangu anapoanguliwa hadi anapoota mabawa. Ndiyo maana nasema kisa hiki ni chako wewe wa geto.

Wataalamu wanamwita Anaphe. Si nondo mmoja, ni jenasi nzima, yaani ukoo wenye aina kadhaa zinazokaribiana kama watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Wote ni Waafrika, wazaliwa wa huku kwetu kusini ya Sahara. Wapo Nigeria, wapo Kongo, wapo Uganda, wapo Kenya, na Tanzania wamo. Aliyekomaa ni mweupe wa rangi ya maziwa, na mabawa yake yamepigwa mistari ya kahawia. Ni mrembo wa kiasi, hana makuu. Ukimwona ukutani usiku unaweza kumpita bila hata salamu.

Maisha yake akishaota mabawa ni ya chapchap. Anaishi siku chache tu. Katika siku hizo hana muda wa kuzungushana wala kutumiana salamu kwa shoga. Anatafuta mwenza, wanaelewana, basi. Jike anataga mayai mamia kwa pamoja, yote kwenye lundo moja juu ya jani. Halafu anafanya jambo ambalo mimi nikilifikiria huwa nanyamaza kidogo. Ananyonyoa manyoya ya mwilini mwake, kule nyuma tumboni, na kuwafunika nayo wanawe. Blanketi lao la kwanza ni ngozi ya mama. Baada ya hapo mama anakufa, na mayai yanabaki na Mungu.

Kwa hiyo, msomaji wangu, hawa watoto wakianguliwa ni yatima. Mamia ya yatima, mti mmoja, hakuna mama, hakuna mjomba, hakuna mwenye nyumba wa kuamua ugomvi. Ingekuwa ni sisi, wiki ya kwanza tu tungeshapelekana kwa mjumbe!

Wao wanafanya tofauti. Wanajibana pamoja. Wanakula pamoja, bega kwa bega, majani ya mti ule ule. Katika msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, ambako Anaphe amechunguzwa sana, mti wao mkuu unaitwa kitaalamu Bridelia micrantha. Wanaishi hivyo kwa karibu miezi mitatu, wakikua na kuvua ngozi kila inapowabana.

Na wanapotaka kuhama, hapo ndipo penyewe. Wanapanga foleni. Kichwa cha huyu kinagusa mkia wa yule, mstari mmoja mrefu kama treni, na kila mmoja anaacha uzi mwembamba wa hariri pale anapopita. Hakuna kusukumana wala kuchomekea. Hakuna yule jamaa anayefika wa mwisho kituoni halafu anaingia kwenye daladala kupitia dirishani. Ukiona foleni ya viwavi hao na ukaikumbuka ile ya kwetu saa kumi na mbili asubuhi, utaona aibu.

Lakini ngoja. Usije ukasema "kumbe siri ni kufuata mstari tu". Hapo ndipo wengi wanapoliwa!

Kule Ufaransa Anaphe ana binamu zake wa karibu, viwavi wanaokula misonobari, nao wana tabia hiyo hiyo ya foleni. Mwezi Januari mwaka 1896, bingwa mmoja wa wadudu, Jean-Henri Fabre, aliona kundi la viwavi hao limepanda kwenye mdomo wa chungu kikubwa cha kuoteshea mti. Walipofika juu wakaanza kuzunguka ukingo. Bwana mkubwa akazuia wengine wasizidi kupanda, akafuta na njia ya uzi waliyopandia. Basi, foleni ikawa duara. Wa kwanza akajikuta anamfuata wa mwisho. Kila mmoja anamfuata wa mbele yake, na kiongozi hayupo!

Walizunguka siku 7. Usiku ni baridi ya Ulaya, wanaganda. Kukipambazuka wanaanza tena. Hawali, na majani ya kula yalikuwa hapo jirani tu.

Kisa hiki kinapendwa sana na watu wa semina za mafanikio. Wanakisimulia huku wanakutolea macho, kisha wanamalizia kwamba viwavi walikufa wote. Si kweli. Fabre mwenyewe aliandika kwamba siku ya nane walishuka salama. Waliwezaje? Uchovu na baridi vilikata mstari vipande vipande. Wachache wakabanduka pembeni, wakapapasa njia ya kushukia upande wa nje, na kila walipopita wakaacha uzi wao mpya. Wenzao wakaufuata huo uzi. Waliojitenga ndio waliowaokoa waliobaki.

Sijui kama umenielewa. Mshikaji mmoja kwenye geto lenu akisema "jamani mimi hili la kukopa kila mwisho wa mwezi nimelichoka, naanza kuweka akiba", msimcheke na kumwita mshamba. Huenda ndiye mwenye uzi wa kushukia.

Turudi kwa Anaphe wetu. Baada ya ile miezi ya kula na kunenepa, unafika wakati wa kujenga. Ndipo ukoo huu unapojitofautisha na nondo wengi duniani. Yule nondo wa hariri wa Kichina, anayefugwa viwandani, kila kiwavi anajifumia chumba chake peke yake. Ni bwana wa "self", kila mtu na mlango wake. Anaphe hawafanyi hivyo. Wao wanafuma nyumba moja kubwa, kwa pamoja. Nyumba moja inaweza kuwa na makumi ya viwavi, nyingine mamia. Kwa nje utaona kama mfuko wa kahawia umening'inia tawini, au umebana mahali karibu na mti.

Sasa sikiliza ramani ya hiyo nyumba, maana ndiyo iliyonifanya niandike safu hii. Kwanza kuna ukuta wa nje, mlaini, wa wote. Ndani yake kuna ukuta mwingine mgumu, uliobanana kama karatasi nene, nao ni wa wote. Halafu ndani kabisa, kila kiwavi ana kifukofuko chake mwenyewe, alichojifumia mwenyewe, cha kulala peke yake.

Umeona hapo? Ukuta wa pamoja, chumba cha peke yako. Hawakuamua kwamba kwa kuwa ni ndugu basi walale wote kwenye shuka moja. Wala hawakuamua kwamba kila mtu ajenge kwake halafu tutaonana sikukuu. Kinachowalinda wote wamekijenga wote, na kinachomhusu mtu binafsi kimeachwa kwa mwenyewe. Mageto mengi yanavunjika kwa sababu tunafanya kinyume. Sabuni, shati na hata simu ya mtu tunaifanya ya wote, lakini kodi, umeme na kufuli la mlango tunamwachia mmoja. Matokeo yake kasheshe!

Humo ndani wanakaa miezi mitano na ushee. Hawali, hawatoki, wanageuka taratibu. Na nyumba ina ulinzi. Viwavi hao wana manyoya yanayowasha kama upupu, na manyoya hayo yanabaki humo kwenye kuta. Ukijifanya mjuaji ukauchana ule mfuko kwa mikono mitupu, utajikuna mpaka ukome. Mvua zikija na wakati ukitimia, nondo wanatoboa, wanatoka wakiwa na mabawa, na zile siku chache za mapenzi zinaanza upya.

Wanaacha nini? Wanaacha nyumba tupu ya hariri.

Hapo sasa binadamu anaingia. Wa kwanza kuichangamkia hariri hii, tena zamani sana, ni ndugu zetu wa Nigeria. Wahausa wanaiita tsamiya, na Wayoruba wanatengeneza nayo nguo inayoitwa sanyan. Hiyo sanyan ni nguo ya heshima kubwa: rangi ya kahawia ya asili, bila kutiwa dawa, inavaliwa kwenye harusi, kwenye misiba ya wakubwa na kwenye kusimikwa machifu. Ukiwa umevaa sanyan halisi huhitaji kujitambulisha. Nguo inakutambulisha.

Kazi yake si ndogo. Uzi wa nondo wa Kichina unavutwa mmoja, mrefu, bila kukatika. Wa Anaphe hauvutiki hivyo, kwa sababu mamia ya mafundi wamefuma kwa kupishana na uzi umeshikamana. Kwa hiyo mifuko inachemshwa kwenye maji yaliyotiwa majivu mpaka gundi iachie, inafuliwa, inachambuliwa, kisha inasokotwa kwa mkono kama pamba. Ndiyo maana siku hizi sanyan nyingi sokoni zinafumwa kwa nyuzi za pamba au za kiwandani zilizopakwa rangi ya kahawia, na ile ya kweli imekuwa adimu.

Lakini ugumu huo una baraka yake. Nondo wa Kichina anachemshwa akiwa hai ndani ya kifukofuko, maana akitoboa kutoka anaharibu uzi. Hariri ya Anaphe unaweza kusubiri wenyewe watoke, waruke, waoane, ndipo uchukue nyumba. Unavaa hariri na hakuna aliyekufa. Hebu niambie, hiyo siyo bomba?

Wakoloni nao waliinusa hela. Mwaka 1912 mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Uganda, C. C. Gowdey, aliandika jinsi ya kuitumia hariri ya Anaphe wa huko. Mwaka 1914 Mjerumani Arnold Schultze akatoa kitabu kizima kuhusu nondo wa hariri wa Afrika, hasa hawa wanaofuma kwa ushirika. Mwaka huo huo Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka. Hariri ya Anaphe haikuwahi kuitikisa ile ya China.

Sasa msomaji wangu, tuache utani kidogo. Huyu mdudu ana upande wa pili, na upande huo umeumiza watu.

Kusini magharibi mwa Nigeria viwavi wa aina mojawapo, Anaphe venata, wanaliwa. Wanachomwa, wanauzwa, ni kitoweo. Tangu miaka ya 1950 madaktari wa huko waliandika kuhusu ugonjwa wa ajabu uliokuja kwa msimu, mwezi wa saba hadi wa tisa, wakati wa mvua. Mtu mzima wa afya anaanza kutetemeka ghafla. Anayumba kama mlevi na hajaonja hata kikombe. Miguu haimtii, wengine na akili zinavurugika. Hebu fikiria maneno ya majirani. Kalogwa! Kakanyaga kitu! Karogwa na shemeji yake!

Jibu lilikuwa sahanini. Mwaka 1993 daktari Adamolekun alieleza katika jarida la Lancet kwamba ugonjwa huo unahusiana na ulaji wa viwavi vya Anaphe. Mwaka uliofuata ukachapishwa utafiti ulioonyesha kwamba wagonjwa wanaopewa vitamini B1 wanapata nafuu. Na mwaka 2000 watafiti wa Kijapani wakatoa sababu yenyewe: ndani ya kiwavi kuna kimeng'enya kinachoivunjavunja vitamini B1, na moto wa jikoni haukimalizi kirahisi. Sasa mtu ambaye chakula chake cha kila siku ni wanga mtupu, B1 yake tangu mwanzo ni ya kuungaunga. Akiongeza sahani ya viwavi hao, kidogo alichonacho kinateketea. Ubongo na mishipa ya fahamu vinakosa kitu muhimu, na miguu inaanza kucheza bila muziki.

Naomba nisieleweke vibaya. Sijasema wadudu wasiliwe. Wahaya na senene zao waendelee kwa raha zao, na wa kumbikumbi wasitupe sufuria. Hao ni wadudu wengine kabisa. Ninachosema ni kwamba kiwavi si kiwavi tu, kama ambavyo rafiki si rafiki tu. Kuna wa kula naye na kuna wa kumheshimu kwa mbali. Na mwenzako akianza kuyumba na kutetemeka, kabla hujamtafuta mchawi, uliza kwanza amekuwa akila nini, kisha mpeleke hospitali.

Tumalizie Kakamega, maana huko kuna la kutia moyo. Msitu ule unazungukwa na watu wengi wenye mashamba madogo, na shida zikibana mti ndio wa kwanza kuangushwa kwa kuni na mkaa. Mti ukianguka, ukoo mzima wa viwavi umefukuzwa geto bila notisi. Watafiti wa ICIPE, kile kituo cha wadudu cha Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, walikaa na wakulima wa pale. Hawakuanza kwa kuwatishia askari wa misitu. Waliwaonyesha kwamba kiwavi waliyekuwa wakimwona takataka anaweza kutoa uzi wa kuuza, ila anataka mti wake usimame.

Wakagundua pia kwamba porini wengi wa viwavi hao hawafiki siku ya kujenga. Wanaliwa na ndege, wanashambuliwa na wadudu wadogo wanaotaga ndani ya miili yao. Dawa yake ikawa rahisi kuliko unavyodhani: tawi lenye viwavi linavalishwa mfuko wa neti, kama mtoto anavyolazwa ndani ya chandarua. Wanakula majani yao humo humo, maadui wanabaki nje, na wanaofika siku ya kujenga wanaongezeka sana. Mkulima anapata mifuko ya hariri, nondo wanapata kizazi, mti unapata sababu ya kutokatwa. Hapo kila upande umetoka na chake.

Kwa hiyo ukienda kijijini kusalimia bibi, ukakuta tawini kuna mfuko wa kahawia kama soksi kuukuu, usiuchome moto, usiuguse kwa mkono mtupu, na usijaribu kuula. Ni nyumba ya yatima wanaosubiri mabawa.

Na ukirudi mjini, itazame geto yako. Ukuta wa wote umeshajengwa, au kila mtu anasubiri mwenzake aanze? Chumba cha ndani cha kila mtu kinaheshimiwa, au shati lako bado linakwenda disko bila wewe? Na katika foleni mnayoifuata, wa mbele yupo kweli, au mnazunguka mdomo wa chungu?

Yajadilini leo jioni mkisubiri maharage yaive. Ila kwanza, aliyemaliza sukari ajitaje!